Siku zangu zimevurugika, na mkeka wa yoga umegeuka mtihani

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina umri wa miaka 33, nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa miaka sita. Ninakuandikia nikiwa siku ya 49 tangu hedhi yangu ya mwisho ianze, na idadi hiyo ninaijua bila kuangalia popote, kwa sababu kila ninapoamka jambo la kwanza ninalofanya ni kuongeza moja juu ya hesabu ya jana.

Tangu ujana wangu siku zangu zilikuwa za kutegemewa: 28, 29, mara chache 30. Mambo yalianza kuharibika yapata mwaka mmoja na miezi saba iliyopita. Nina daftari dogo ambalo ninaandika urefu wa kila mzunguko na kuuzungushia duara kwa penseli nyekundu. Kabla sijaanza yoga, namba zilifuatana hivi: 41, 24, 67, 29, 33, 30, 52, 63. Katika ule mzunguko wa mwisho nilikwenda kumwona daktari. Alinisikiliza kwa muda mfupi, akaniandikia vipimo vya damu na altrasaundi ya nyonga, na akanipa vidonge vya siku kumi akisema kwamba nikivimaliza damu itashuka. Nilipomwambia kwamba rafiki yangu amenishauri nijaribu yoga ya taratibu, alicheka. Huenda hakuwa na nia mbaya, lakini kile kicheko nilitoka nacho mlangoni. Siku mbili baadaye damu ilikuja yenyewe, hivyo vidonge sikuvigusa. Pakiti bado iko kwenye droo, haijatobolewa hata kidonge kimoja, na karatasi ya vipimo nimeikunja ndani ya daftari.

Wiki hiyohiyo nilianza yoga. Si ile ya kurukaruka na kutoka jasho, bali ya kulala juu ya mito, kuweka miguu ukutani, kupumua polepole. Mwalimu wangu ni mama mpole sana, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilijisikia kwamba kuna mtu asiyenihukumu kwa ajili ya mwili wangu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa siku 44, nikavumilia. Uliofuata ulikuwa 27, kisha 32, kisha 31. Mama, nililia kwa furaha. Nikawa ninaamka saa kumi na nusu alfajiri, hata kama nimelala saa sita usiku, nisikose hata siku moja. Mwalimu alisema mwili mwepesi hufunguka upesi, nikaacha mlo wa jioni, na katika miezi hii minane nimepungua kilo 6.

Kisha ukaja mzunguko wa siku 58. Damu ilipofika ilitoka kwa siku tisa, na kwa siku mbili nilikuwa nikibadilisha pedi kila baada ya saa moja. Tangu wakati huo nikishusha miguu kutoka ukutani na kuinuka, chumba kinazunguka, inanibidi nishike ukuta mpaka kitulie. Mwalimu anasema bado kuna kitu kimefungwa kwenye mji wa mimba, na kwamba niongeze kipindi cha pili jioni. Alisema pia kwamba nikimeza vile vidonge vitaziba kile ambacho yoga imeanza kukifungua. Mume wangu si mkali, ila tunatamani mtoto wa pili, na juzi aliniuliza kwa upole, "Leo ni ya ngapi?" Nilipomjibu alisema, "Basi tuache michezo ya mkekani, turudi hospitali." Neno "michezo" liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Katika mwaka huu nimeanza kuota nywele nne tano ngumu kidevuni, ambazo ninazing'oa kwa kibano kabla watu hawajaamka. Ninaona aibu.

Sasa sijui. Je, niliifanya yoga vibaya ndiyo maana imekoma kufanya kazi? Niongeze kipindi cha jioni, au niache kabisa na kumeza vidonge? Nikiacha, ninahisi kama nitakuwa nimekiri kwamba miezi minane yote ilikuwa bure. Nikiendelea, ninaogopa kwamba ninampotezea mume wangu muda. Nisaidie.

Ni mimi, Mwenye Daftari.

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu daftari lako linasema mambo ambayo wewe mwenyewe hukuyaandika. Kabla sijafika huko, kuna mambo mawili ambayo hayawezi kungoja nimalize mazungumzo. La kwanza ni kile kizunguzungu. Mtu aliyevuja damu kwa siku tisa, siku mbili kati ya hizo akijaza pedi kila saa, kisha akawa anaona chumba kinazunguka anapoinuka, anahitaji kupimwa wingi wa damu, na anahitaji kupimwa wiki hii. Ikitokea tena damu ikatoka kwa kiasi hicho kwa saa mbili mfululizo au zaidi, au ukahisi kuzimia, usisubiri miadi, nenda hospitali papo hapo. La pili ni kipimo cha mimba. Uko siku ya 49, unaishi na mume wako, mnatamani mtoto, na katika barua yote hukusema kwamba umepima. Ninaelewa kwamba mtu aliyezoea kuchelewa huacha kuuliza swali hilo, ila hedhi isiyotabirika haizuii mimba: yai linaweza kupevuka siku yoyote ambayo hukuitegemea. Kwa mtu ambaye hajui siku yake ni lini, kipimo cha mkojo hutoa jibu la kuaminika zaidi zikishapita siku 21 tangu tendo la ndoa la mwisho, kwa hiyo ukipima mapema na jibu likawa hapana, rudia.

Sasa tuzungumze. Kama nimekuelewa vizuri, umejikuta kati ya watu watatu ambao kila mmoja ameshika kipande cha mwili wako: daktari aliyecheka, mwalimu anayetaka uongeze, na mume anayetaka mrudi hospitali. Unaniuliza umfuate nani. Lakini nikisoma kwa makini ninaona kuna swali jingine chini ya hilo, nalo ni kama kuvurugika kwa siku zako ni kosa lako. Hilo la pili ndilo linalokuamsha saa kumi na nusu alfajiri, na ndilo ningependa tukae nalo kidogo.

Unasema yoga ilifanya kazi, kisha ikakoma. Ushahidi wako ni namba tatu: 27, 32, 31. Ni namba nzuri, na furaha yako ilikuwa ya haki. Lakini hebu fungua ukurasa wa nyuma. Kabla hujakanyaga mkeka kuna 29, 33 na 30, nazo zimefuatana vilevile, zikitanguliwa na 67 na kufuatwa na 52. Mizunguko ile mitatu ilinyooka bila mwalimu, bila mito, bila kuamka alfajiri, na hakuna aliyelia kwa furaha kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitafutia sababu. Huo ndio ugumu wa hedhi isiyo na mpangilio: huja na kuondoka, na mara nyingi mtu huanza tiba wakati mambo yako mabaya zaidi, kama wewe ulivyoanza baada ya siku 63, wakati ambapo namba zingeweza kushuka hata kama ungekaa kitako. Sisemi kwamba yoga haikuchangia chochote. Ninasema kwamba daftari lako haliwezi kuthibitisha kwamba ilichangia, na kwa sababu hiyohiyo haliwezi kuthibitisha kwamba uliharibu kitu ulipofika siku ya 58. Ikiwa sifa ya zile tatu si lazima iwe yako, basi na lawama ya ile 58 pia si lazima iwe yako.

Inafaa pia ujue kinachorefusha mzunguko. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo hutoa homoni zinazoamrisha ovari kukuza yai. Yai likishatoka, hedhi kwa kawaida hufuata baada ya siku 12 hadi 14 hivi, na kipindi hicho cha pili hakibadiliki sana. Kinachonyumbuka ni kile cha kwanza, cha kulisubiri yai. Kwa hiyo mzunguko wa siku 58 mara nyingi maana yake ni kwamba yai lilichelewa sana au halikutoka kabisa. Lisipotoka, homoni ya projesteroni, ile inayoutuliza utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, haipatikani ya kutosha, na utando huo huendelea kunenepa kwa nguvu ya homoni nyingine, estrojeni, peke yake, na siku unapobomoka hubomoka ovyo, kwa wingi na kwa siku nyingi. Huenda ndicho kilichokupata. Madaktari huhesabu mzunguko wa siku 24 hadi 38 kuwa wa kawaida kwa mtu mzima, na tofauti ya siku saba hadi tisa kati ya mwezi na mwezi haiwashtui. Wewe una tofauti ya siku 43 kati ya mfupi na mrefu wako. Hiyo ni ishara ya mwili inayotafutiwa chanzo, na chanzo hakionekani kwa jicho la mwalimu wala kwa jicho langu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu wako, ambaye kwa maelezo yako ninampenda. Hakuna mkao unaofungua mji wa mimba, kwa sababu mji wa mimba haujafungwa. Na vile vidonge, kama ni vya siku kumi na uliambiwa kwamba damu itashuka ukivimaliza, basi kwa namna yoyote haviendi kuziba: kazi yake ya kawaida ni kuupa utando ile homoni ulioikosa, ili ukivisimamisha ushuke kwa utaratibu badala ya kurundikana. Sikushauri uvitoe kwenye droo leo na kuvimeza. Viliandikwa miezi minane iliyopita kwa ajili ya mzunguko mwingine, na tangu hapo umevuja damu nyingi, umepungua uzito, na hujapima mimba. Ninachokuomba ni kuvibeba uende navyo kwa daktari, na umuulize kama bado vinakufaa.

Umeniambia kwa aibu habari ya kidevu. Asante kwa kuniamini, maana umenipa jambo la maana kuliko unavyodhani. Nywele ngumu kidevuni pamoja na hedhi inayochelewa ni miongoni mwa dalili ambazo humfanya daktari afikirie ile hali ya ovari, ambapo homoni huvurugika na yai hukawia au hukosa kupevuka, inayojulikana kwa kifupi kama PCOS, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata wanawake zaidi ya mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, wengi wao bila kujua. Lakini usikimbilie kujibandika jina hilo, kwa sababu barua yako ina dalili nyingine inayoelekeza upande tofauti kabisa. Umeacha mlo mzima, umepungua kilo 6, na kuna usiku ambao usingizi wako wote ni wa muda wa saa nne na nusu tu. Haipothalamasi husoma vitu hivyo kama habari za njaa na hatari, na ikiona hivyo inaweza kupunguza zile ishara zake mpaka yai lisipevuke. Wapo wanawake ambao kupungua uzito kidogo huwarudishia hedhi, hasa wenye PCOS na uzito uliozidi, na wapo ambao kupungua huohuo huwanyima. Sijui wewe ni yupi, maana hukuniambia ulianza na kilo ngapi. Bado kuna tezi ya shingo, kuna homoni ya prolaktini inayoamrisha maziwa ya mama, kuna mambo mengine ya ovari. Ndiyo maana karatasi ile iliyokunjwa ndani ya daftari ina thamani kuliko ushauri wa sisi wote wanne, mimi nikiwemo.

Unaona basi ninavyosita kukujibu swali la niongeze au niache. Kuongeza kipindi cha jioni kungekula usingizi uliobaki, na usingizi wako umekwisha kuwa mchache. Kuacha kabisa nako kuna hasara yake. Umeandika kwamba pale mkekani ulijisikia kuna mtu asiyekuhukumu. Tafiti zilizofanywa kuhusu yoga na hedhi nyingi ni ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja kuhusu maumivu ya hedhi na msongo wa mawazo, kwamba hupungua. Kuhusu urefu wa mzunguko wenyewe, habari ni chache zaidi. Kuna utafiti wa India uliowafuatilia wasichana wenye PCOS kwa wiki 12 ambao uliona nafuu katika baadhi ya homoni na katika mpangilio wa hedhi, lakini walikuwa wasichana wa umri wa shule, wakiishi mahali pamoja, wakifanya saa nzima kwa siku chini ya usimamizi. Wewe una miaka 33, una kazi za nyumbani na mtoto wa kuamsha. Kwa hiyo nisingekuahidi namba kwenye daftari, wala nisingedharau utulivu ulioupata. Daktari alipocheka alikosea adabu. Hata hivyo, kuandika vile vipimo hakukosea, na ninaogopa kwamba kicheko chake ndicho kilichokufanya uikunje karatasi.

Vitu hivi viwili si washindani, ingawa kila aliyezungumza nawe amevifanya kama washindani. Unaweza kuwa na altrasaundi asubuhi na mto chini ya magoti jioni. Hata miongozo ya kimataifa ya kutibu PCOS inahimiza mazoezi ya mwili pamoja na dawa, bila kusema kwamba zoezi la aina moja linalishinda jingine. Ninachojiuliza ni hiki: yoga ingekuwaje kwako kama isingekuwa na kazi ya kuleta damu? Kwa sasa kila asubuhi unapolala pale unasubiri matokeo. Unapumua huku unahesabu siku ya 49. Mwili hauwezi kutulia juu ya mkeka uliogeuzwa chumba cha mtihani, na nadhani wewe mwenyewe umekwisha kulihisi jambo hilo, ndiyo maana miezi ya mwanzo ilikuwa mitamu kuliko hii ya sasa.

Ukichagua kuendelea, kuna mambo ambayo ningependa uyabadilishe mpaka kizunguzungu kitafutiwe sababu. Miguu ukutani uiache kwa sasa. Badala yake vuta kiti, lala chali mbele yake, uweke miguu juu ya kiti kuanzia kisigino hadi nyuma ya goti, ili mapaja yasimame na kiuno kilale chini chote bila kuachana na mkeka. Utapata pumziko lilelile bila kuinua miguu juu sana. Ukimaliza usiinuke moja kwa moja: geuka ubavu, kunja magoti, kaa hivyo kwa pumzi tano, kisha jisukume kwa mikono, kichwa kikiwa cha mwisho kupanda. Mkao wa kulala huku nyayo zimegusana na magoti yametawanyika ni mzuri pia, ila kila goti liwe na mto wake, maana goti linaloning'inia hufanya nyonga ishikamane badala ya kulegea. Pumzi iingie kwa hesabu ya nne, itoke kwa hesabu ya sita, bila kuizuia katikati. Dakika 20 zinatosha. Na kwa kuwa hujui kama una mimba, acha kulalia tumbo, acha kujipinda kwa nguvu, acha yale mazoezi ya kupiga pumzi kwa kasi tumboni, na usikubali kuingizwa kwenye chumba chenye joto kali.

Siku damu itakapokuja, fanya pungufu ya hapo, au usifanye. Geeta Iyengar, mwalimu wa India aliyefariki mwaka 2018 na aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha yoga inayoufuata mwili wa mwanamke, aliwataka wanafunzi wake siku za hedhi waache mikao ya kupindua mwili na wachague ile ya kupumzika. Hakuna ushahidi thabiti kwamba kupinduka kunaleta madhara kwa mwenye hedhi, lakini ninamtaja kwa sababu huenda itakusaidia unapozungumza na mwalimu wako: kupunguza si uvivu hata ndani ya mapokeo yake mwenyewe. Mwambie kuhusu siku zile tisa. Sidhani kama anajua, kwa sababu mtu mpole unayemweleza hangekuongezea kipindi cha pili akijua kwamba unashika ukuta ili usianguke. Akijua na bado akasisitiza, au akarudia kukwambia uache dawa, hapo utakuwa umejifunza jambo kumhusu, na uamuzi wa kubaki naye utakuwa mikononi mwako.

Kuhusu daktari, huna deni la kurudi kwa yuleyule. Unaweza kumtafuta mwingine wa magonjwa ya wanawake, na ningekushauri uingie na karatasi moja ambayo umeandika mwenyewe usiku wa kabla: namba zote kumi na tatu na hii ya sasa, siku tisa za damu na pedi za kila saa, kilo 6, saa za usingizi, kidevu, na kwamba mnatafuta mtoto. Kidevu ukiona aibu kukitamka, mpe karatasi asome. Muulize kila kipimo kinatafuta nini, na muulize kama yai lako linapevuka, maana hilo ndilo swali ambalo mume wako anauliza anaposema "leo ni ya ngapi" bila kujua namna nyingine ya kuliuliza. Ikithibitika kwamba halipevuki, zipo dawa za kulisaidia, nazo huchaguliwa kulingana na chanzo. Ukimeza ya chanzo kisicho chako utapoteza muda uleule unaouhofia. Kwa upande mwingine, kutopima, kisha ukaja kufikia kukaa miezi mitatu mitatu bila hedhi, si jambo la kuchukulia kirahisi, hasa kama chanzo ni PCOS, kwa sababu utando unaonenepa bila kushuka unaweza, miaka ikipita, kubadilika kuwa kitu kibaya. Ninakuambia hivyo ili ulijue, si ili likukoseshe usingizi zaidi.

Mume wako alitumia neno baya. Huenda alikuwa na hofu, na wanaume wengi wakiogopa hutafuta neno dogo la kulifunika jambo kubwa. Sijui kama ameona pakiti ile kwenye droo, wala kama anajua kwamba unaamka saa ngapi na kwa nini. Unaweza kumwonyesha daftari lote, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, badala ya kumpa namba ya siku moja kila anapouliza. Au unaweza kumwomba aache kuuliza kwa muda, mkakubaliana siku ya kwenda hospitali pamoja. Wewe ndiwe unayemjua, na wewe ndiwe utakayejua lipi kati ya hayo linasemeka nyumbani kwenu. Kama nawe ukiona kwamba kwa sasa huna nguvu ya yote mawili, ukaamua kuuweka mkeka pembeni mpaka majibu yatoke, miezi yako minane haitakuwa bure. Ulijifunza kulala chini na kupumua, na hilo hata ndani ya chumba cha altrasaundi utalihitaji.

Lile daftari usilitupe, daktari atalipenda. Ningekuomba tu uongeze safu ya pili pembeni ya namba, uandike mambo ambayo hayategemei damu: ulilala saa ngapi, ulikula mara ngapi, uliinuka bila kushika ukuta au la. Penseli nyekundu ibaki na kazi yake, safu hii iandike kwa rangi nyingine yoyote. Baada ya wiki sita niandikie tena, kama utapenda, unieleze ile safu ya pili inasemaje.

Na kesho ikifika saa kumi na nusu alfajiri ukajikuta bado umelala, mwanangu, lala.